SOMA KWANZA, SAHIHI BAADAYE

Neno letu la leo ni RUZUKU. Ruzuku ni fedha za Serikali zinazompunguzia mkulima bei ya mbolea au mbegu. Fedha hizo ni za watu wote, kwa hiyo hesabu yake haifai kuwa siri.

Haya, tutazame mfano. Mwaka 2008 Serikali ya Tanzania ilianza kugawa vocha za pembejeo. Kamati ya kijiji iliandika majina ya wakulima, na majina hayo yakapelekwa mbele ya mkutano wa kijiji. Mkulima alikwenda dukani na vocha, akalipa karibu nusu ya bei, akatia sahihi. Mwenye duka akaipeleka vocha benki, akalipwa sehemu iliyobaki.

Je, hatari ilikuwa wapi? Ilikuwa katika sahihi. Wako wakulima waliotia alama ya dole gumba bila kupokea mbolea. Benki iliona alama, ikalipa. Fedha zikatoka, shamba likakosa mbolea.

Tangu mwaka 2022 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa, akapewa namba yake. Njia imebadilika, lakini kazi yenu ni ile ile. Ninyi mlio kisiwani Rukuba, kuvuka ziwa mpaka Musoma kupeleka malalamiko ni gharama. Basi ulizeni mapema, hapo hapo kijijini: Orodha iko wapi? Jina langu limo? Nimeandikiwa mifuko mingapi?

Sasa fungueni madaftari, mwandike: “Nimepokea mifuko miwili.” Msitie sahihi kabla ya kuihesabu.