Sahani za 1928: Kiunguja cha Mkutano na Kiunguja cha Santuri

Desturi ya kuzirejea albamu za muziki kila zinapotimiza miaka 25, 50 au 100 tangu kutolewa imeenea sana katika magazeti na majarida ya sanaa. Albamu iliyosifiwa hurejewa ili ijulikane kama sifa zake zilistahiki, na iliyosahauliwa hurejewa ili ipewe haki yake. Desturi hiyo ina manufaa, lakini imesimama juu ya dhana mbili ambazo hazifai kupokewa hivi hivi: kwamba kazi ya mwanamuziki hutoka ikiwa albamu, na kwamba albamu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Katika historia ya muziki wa Kiswahili dhana zote mbili ni dhaifu. Makala haya yanadhamiria kuuchunguza mwaka mmoja, 1928, ambao ifikapo 2028 utakuwa umetimiza karne, na kuonyesha kwa nini mwaka huo unawahusu wanaisimu kama unavyowahusu wapenzi wa taarabu.

Yafaa kuanza na maneno. Albamu, kabla ya kuwa jina la mkusanyiko wa nyimbo, ilikuwa jina la kitabu cha kuhifadhia picha. Wauzaji wa muziki wa Ulaya na Marekani waliazima umbo la kitabu hicho, wakashona mifuko ya karatasi ndani ya jalada gumu na kutia sahani kadhaa humo, kwa kuwa sahani moja ya mizunguko 78 haikuweza kubeba kazi ndefu. Sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilipotokea mwaka 1948, jina likabaki ingawa kitabu kilitoweka. Afrika Mashariki haikupita njia hiyo. Neno lililotawala hapa ni santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi. Waswahili walilihamishia kwenye chombo kipya cha kutoa sauti, na kisha kwenye sahani yenyewe. Hata katika miaka ya 1960 na 1970, viwanda vya muziki vya Nairobi viliishi kwa sahani ndogo za mizunguko 45, na wimbo mrefu ukikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Kwa hiyo anayetafuta albamu kongwe za Kiswahili atatafuta sana. Cha kutafutwa ni santuri.

Mwezi wa Machi 1928 kikundi cha wanamuziki wa Unguja kilivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Miongoni mwao alikuwamo Siti binti Saad, pamoja na Subeit bin Ambar mpiga udi, Mbaruk Effandi Talsam mpiga fidla, ambaye alikuwa kipofu, Maalim Shaaban na Budda bin Mwendo. Sahani walizorekodi ziliuzwa kwa wingi katika pwani yote na hata bara, kiasi cha kuzivuta kampuni nyingine ziingie katika biashara ya nyimbo za Kiswahili. Kabla ya hapo taarabu ya Unguja, tangu ilipokaribishwa katika jumba la Sultani Barghash (aliyetawala 1870 hadi 1888), ilikuwa imeimbwa kwa Kiarabu. Siti aliitoa huko akaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, na Bombay ikaifanya sauti hiyo isikike mahali ambapo mwenyewe hakupata kukanyaga.

Miezi mitatu baadaye, Juni 1928, ulifanyika mkutano mwingine, huu ukiwa wa wajumbe wa serikali za kikoloni na wa misheni, katika mji wa Mombasa. Kilichojadiliwa kilikuwa lahaja ipi ya Kiswahili itumike kama msingi wa lugha ya shule na vitabu. Walioitetea Kimvita walishindwa, Kiunguja kikachaguliwa, na kutokana na uamuzi huo ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 1930. Kila mwanafunzi wa historia ya Kiswahili huijua tarehe hiyo. Ni wachache mno wanaoiweka sambamba na ile ya Bombay, ijapokuwa mambo hayo mawili yalitokea katika msimu mmoja na yalihusu lahaja moja.

Ulinganifu huo si wa tarehe tu. Kamati ilikuwa na mamlaka: kitabu cha shule kilihitaji kibali chake kuhusu lugha kabla ya kuchapishwa, na katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Lawama dhidi ya hali hiyo zimekwisha tolewa na wengi, wakiwamo Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala katika Historia ya Kiswahili (1977), wala hapana haja ya kuzirudia. Linalostahili kutajwa ni kwamba santuri hazikuhitaji kibali cha Kamati. Kiswahili kilichosikika kwenye mikahawa ya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kutoka katika sahani zile kilipita nje ya mlango wa wasanifishaji, tena kikawafikia watu wasiojua kusoma, ambao vitabu vya Kamati havikuweza kuwafikia. Ikiwa swali ni nani aliyeieneza Kiunguja, basi jibu la kwamba ni shule peke yake halitoshi.

Lakini Kiunguja hicho kilikuwa cha nani? Hapa ndipo jambo linapokuwa na utamu. Siti alizaliwa Fumba, yapata 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Fumba ni shamba, si mjini. Na nje ya mji wa Unguja lahaja kama Kimakunduchi na Kitumbatu zina sura zao mbali kabisa na Kiunguja cha mjini ambacho mkutano wa Mombasa ulikichagua. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavichukua kuviuza, akinadi kwa sauti ambayo baadaye ilimletea jina jipya. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa uimbaji na Muhsin Ali, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905. Hivyo sauti inayoweza kuchukuliwa kuwa kielelezo cha Kiunguja cha 1928 ni ya mtu aliyekipata Kiunguja kwa kuhamia mjini. Kwa kweli ndivyo walivyokipata wakazi wengi wa Ng'ambo, na kuwatafuta Waunguja halisi wasiochanganyika ni kutafuta kitu ambacho historia ya mji ule haikupata kukizalisha.

Fauka ya hayo, mpiga fidla Mbaruk alitoka Mombasa, na alirekodi nyimbo zake mwenyewe katika safari hizo. Lugha ya mashairi nayo, hata inapotungwa Unguja, ina desturi ya kuazima maumbo ya lahaja za kaskazini, kwa kuwa Kiamu na Kimvita zilikuwa na heshima ya ushairi kabla Kiunguja hakijapewa heshima ya shule. Mtafiti anayezichukua sahani hizi kama sampuli safi ya lahaja atapotoka. Zina thamani kubwa zaidi kama ushahidi wa jinsi Waswahili wenyewe walivyokuwa wakizichanganya lahaja pasipo kuomba ruhusa, wakati ambapo wajumbe wa Mombasa walikuwa wakizitenganisha.

Ushahidi huo husomwaje? Jambo hili aghalabu hurukwa, na pengine ndilo linalofanya maadhimisho mengi ya muziki yawe maneno matupu. Sahani za 1928 zilirekodiwa kwa njia ya umeme, ambayo ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu katika biashara ya muziki. Njia hiyo ilinasa vizuri sauti za chini na za kati, lakini ilififia ilipopita mitetemo 5,000 hivi kwa nukta moja. Huko juu ndiko inakokaa sehemu kubwa ya mkwaruzo unaozitofautisha konsonanti s, th na f. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji hawezi kuapa, kwa kusikia tu, kama mwimbaji ametamka thamani au samani. Muktadha ndio utakaoamua, na muktadha si ushahidi wa matamshi. Konsonanti kh na gh, ambazo nguvu zake ziko chini zaidi, haziathiriwi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo sahani ni shahidi hafifu wa th lakini ni shahidi wa kuaminika zaidi wa kh. Hilo si dogo: waandishi wa kale waliandika khabari, kheri na khatari, nayo tahajia iliyosanifishwa ikaziandika habari, heri na hatari. Kama waimbaji wa 1928 walitamka kh katika maneno hayo, na katika yapi, ni suala linaloweza kupimwa kwa sikio, neno kwa neno, mwimbaji kwa mwimbaji.

Kuna mipaka mingine. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika wimbo mkazo hutii lahani. Irabu fupi hurefushwa, na silabi isiyo na mkazo huweza kubebeshwa kilele cha sauti. Asitumie mtu wimbo kuthibitisha mkazo. Pia sahani iliyoandikwa kuwa ni ya mizunguko 78 haikuwa lazima izunguke hivyo wakati wa kurekodiwa, na kasi ikizidi kidogo sauti ya mwimbaji hupanda na maneno hukimbia. Yeyote anayezihamisha santuri hizi kwenye vyombo vya kisasa hana budi kueleza kasi aliyoitumia, na walio wengi hawaelezi.

Upungufu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni wa wakati. Upande mmoja wa sahani ya upana wa inchi 10 ulichukua dakika 3 hivi. Wimbo wa taarabu kwa kawaida una beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16 iliyogawanyika 8 kwa 8, na mishororo hurudiwa, ala hupewa nafasi yake, na watu hutunza na kuomba ubeti uimbwe tena. Nyumbani kwa Siti wimbo uliendelea kadiri hadhira ilivyotaka. Bombay uliishia pale sindano ilipofika mwisho wa mfuo. Kwa hiyo santuri ni muhtasari wa wimbo, na ni muhtasari uliofanywa na mtu: mtunzi au mwimbaji aliamua beti zipi zibaki.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika wimbo wa Kijiti, ulio mashuhuri kuliko nyimbo nyingine za Siti. Kisa chake ni cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji akatoroka kwenda bara, na walioadhibiwa wakawa mashahidi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, amekitumia kisa hicho na masimulizi ya wazee wa Ng'ambo kuonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyozihukumu mahakama za wakati ule. Beti zilizohifadhiwa na kumbukumbu za watu hazilazimiki kuwa zile zile zilizohifadhiwa na sahani. Kuzilinganisha ni kazi ya idara ya lugha, na ni kazi ambayo mwanahistoria hawezi kulaumiwa kwa kutoikamilisha.

Chanzo kingine kikubwa ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, aliyezungumza na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950. Wasifu huo ulitoka mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yaani mrithi wa ile Kamati iliyozaliwa na mkutano wa 1928. Ilichukua miaka 30 kwa Kiunguja cha mkutano kukipa Kiunguja cha santuri nafasi katika kurasa zake. Kitabu ni chema na Kiswahili chake hakina mfano, lakini msomaji hana budi kukumbuka kwamba Shaaban alimwandika Siti kama kielelezo cha adili. Subira, unyenyekevu na heshima vimemjaa. Kejeli na ukali unaozifanya nyimbo zake ziume havionekani sana. Anayemjua Siti kwa Wasifu peke yake atashangaa anapomsikia.

Wenzake nao wamefunikwa na jina lake. Subeit, Mbaruk na Maalim Shaaban walirekodi nyimbo zao pia, nazo ndizo zinazostahili zaidi kuitwa kazi zilizosahauliwa. Kwa mwanaisimu zina faida ya pekee, kwa kuwa waimbaji kadhaa wa asili mbalimbali walirekodiwa kwa mitambo ile ile. Tofauti za matamshi zitakazosikika baina yao haziwezi kusingiziwa mashine.

Santuri za 78 zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye lakiri ya Bara Hindi, kitu kile kile kilichotumiwa kufungia barua, na huvunjika zikianguka. Kila zilipopigwa, sindano ya chuma ilikula mfuo wake. Nakala zipo London, katika hazina ya sauti ya British Library, na mwaka 2007 kampuni ya Topic ilitoa mkusanyiko wa muziki wa Kiswahili wa miaka ya 1920 hadi ya 1950 ulioandaliwa na Janet Topp Fargion. Sauti, basi, zinaweza kupatikana. Kilicho adimu ni watu wanaoweza kuyasikia maneno yake yote. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo hizi kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, alifariki Aprili 2013, na waliobaki walizipokea kwa mkono wa pili au wa tatu. Sahani ikinukuliwa leo mbele ya wazee wa Ng'ambo na wa Mombasa, mishororo iliyofichwa na mikwaruzo bado huweza kukamilishwa. Kazi hiyo haingoji 2028, na haihitaji zaidi ya kinasa sauti, karatasi, na mtu aliye tayari kuusikiliza upande mmoja wa dakika 3 kwa siku nzima.