Uhifadhi wa Video za Usaili Uwandani: Hesabu, Nakala na Ufutaji wa Kadi katika Mazingira ya Makandana, Rungwe

Sura ya mbinu za utafiti katika tasnifu nyingi hueleza sampuli, zana na maadili ya utafiti, kisha hupita kimya juu ya swali moja: data ya video ilikaa wapi kati ya saa ilipokusanywa na siku ilipoanza kuchambuliwa? Kimya hicho kina gharama. Mzee wa Makandana, kata iliyomo katika mji wa Tukuyu, akisimulia kwa Kinyakyusa kwa saa nzima, halafu simulizi hiyo ikapotea ndani ya kadi, haitoshi kurudi kumwomba arudie. Wataalamu wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba kila utendaji ni tukio la pekee. Kitakachopatikana mara ya pili ni simulizi nyingine, iwapo msimulizi angali hai na angali radhi. Makala hii inafafanua namna ya kusimamia hifadhi ya video zenye ubora wa juu katika siku ndefu za usaili. Hoja yake ni kwamba hatari kubwa haimo katika kadi kujaa, bali katika uamuzi wa kuifuta.

Msingi wa mpango wowote ni hesabu, nayo ni nyepesi. Kamera nyingi za video zinazotumia mfumo wa AVCHD hurekodi kwa kasi ya juu ya takribani megabiti 24 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hizo ni megabaiti 3 kwa sekunde, yaani takribani gigabaiti 10.8 kwa saa. Siku yenye saili nne za dakika 75 kila moja huzaa saa 5 za video, sawa na gigabaiti 54. Kadi ya gigabaiti 64 inaitosha siku hiyo, ingawa ziada yake ni ndogo. Siku kumi za kazi huzaa gigabaiti 540, na nakala mbili za data hiyo huhitaji diski mbili za nje, kila moja ikiwa na ujazo wa terabaiti moja. Kamera ya pili ikiongezwa ili kumwonesha msaili pia, kila kiasi huzidishwa kwa mbili.

Mambo hubadilika mtafiti anapochagua ubora wa 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Saa moja huwa gigabaiti 45, na siku ileile ya saa 5 huwa gigabaiti 225. Wapo wanaotetea chaguo hilo kwa sababu picha kubwa inaweza kukatwa baadaye bila kupoteza ubora. Kwa filamu, hoja hiyo ina uzito. Kwa usaili wa mtu mmoja aliyeketi barazani, ambapo kinachochambuliwa ni maneno, ishara za mikono na mielekeo ya uso, ni vigumu kuona kinachopatikana kinacholingana na kuongeza mzigo wa kunakili zaidi ya mara nne. Uamuzi huu ni wa kimbinu, na unastahili kuelezwa katika tasnifu kama unavyoelezwa uteuzi wa sampuli.

Hesabu ya mezani, hata hivyo, huongezeka uwandani. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini Tanzania, na mvua inapopiga bati msailiwa hasikiki. Usaili husimama, mara nyingine kamera ikiwa bado inarekodi. Vilevile, adabu haimruhusu mtafiti kuingia na maswali kabla ya salamu, kujuliana hali na kueleza alikotoka, na si busara kuizima kamera pale mzee anapoanza kutaja ukoo wake katikati ya maamkizi hayo. Kwa hiyo ni vyema kuongeza theluthi moja juu ya makadirio ya awali na kubeba kadi ya pili iliyo tupu kabisa.

Aidha, video ndefu haikai katika faili moja. Kadi za SDHC, zenye ujazo usiozidi gigabaiti 32, hutumia mfumo wa FAT32 usiokubali faili lenye ukubwa unaofikia gigabaiti 4. Kwa kasi ya megabiti 24, kikomo hicho hufikiwa katika dakika zisizozidi 24, na kamera huanza faili jipya yenyewe. Usaili wa dakika 75 hivyo hugawanyika katika vipande vinne. Baadhi ya kamera za picha mnato zina kikomo kingine: husimama zinapofika dakika 29 na sekunde 59. Kikomo hicho kina historia ya kiforodha, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilikihesabu kifaa chenye uwezo wa kurekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru. Msailiwa wa Tukuyu hukatizwa kauli kwa sababu ya ushuru wa Ulaya, naye mtafiti asipoitazama kamera hatajua.

Mgawanyiko huo ndio unaoleta tatizo ambalo hupoteza data kimyakimya. Kamera nyingi za AVCHD hutoa majina ya faili kwa namba, kuanzia 00000.MTS, kisha 00001.MTS na kuendelea. Kadi inapofutwa na kuandaliwa upya, nyingi miongoni mwa kamera hizo huanza tena kuhesabu kutoka sifuri. Matokeo yake, faili la kwanza la Jumatatu na faili la kwanza la Jumanne huwa na jina moja. Mtafiti aliyechoka, saa nne usiku, akiyaburuta mafaili ya Jumanne hadi kwenye folda yenye mafaili ya Jumatatu, huulizwa na kompyuta kama anataka kubadilisha yaliyopo. Akikubali, Jumatatu hutoweka. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichoibwa, na idadi ya mafaili huonekana sawa. Upotevu hugunduliwa miezi kadhaa baadaye wakati wa unukuzi, kadi zikiwa zimekwisha kurekodiwa upya mara nyingi.

Kinga yake ni ndogo. Kila kadi hunakiliwa ndani ya folda mpya yenye tarehe, namba ya kadi na namba ya siri ya msailiwa badala ya jina lake. Kinachonakiliwa ni muundo mzima wa folda za kadi, si mafaili ya MTS peke yake, kwa kuwa taarifa zinazoiwezesha programu kuunganisha vipande bila mwanya hukaa katika folda za jirani. Kompyuta ikiuliza swali lolote kuhusu kubadilisha faili, jibu ni hapana, na kazi husimama mpaka sababu ijulikane. Kadi iliyojaa hufungwa papo hapo kwa kusukuma kile kitufe kidogo cha pembeni kinachozuia kuandikwa.

Kunakili si kuhakiki. Ukubwa wa faili unaweza kulingana huku maudhui yake yakiwa yameharibika, hivyo programu ya kukokotoa alama ya uhakiki, kama vile MD5 au SHA-256, hutumika kulinganisha nakala na asili. Kazi hii ina muda wake. Kwa kompyuta mpakato ya zamani yenye mlango wa USB 2.0, ambao kwa vitendo hupitisha takribani megabaiti 30 kwa sekunde, gigabaiti 54 huchukua nusu saa. Kunakili katika diski mbili na kuzisoma tena zote mbili ni saa mbili. Umeme ukikatika jioni, saa hizo mbili hutegemea betri ya kompyuta, na ndiyo sababu kadi ya asubuhi hunakiliwa mchana badala ya kungojea usiku. Pasipo nakala mbili zilizohakikiwa, kadi haifutwi. Ikibidi, usaili wa kesho huahirishwa. Kanuni hii hukera pale msailiwa anapokuwa tayari na kadi haipo, lakini usaili ulioahirishwa una nafasi ya kufanyika. Ufutaji wenyewe hufanyika ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Nakala mbili katika begi moja ni sawa na nakala moja. Mtafiti anayesafiri kwa basi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya huacha diski moja kwa mtu anayemwamini, au huituma kwa njia na siku tofauti. Rungwe yenyewe inatoa mfano. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na hati zao zimehifadhiwa katika maktaba za Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia mlimani ulifika katika maktaba hizo, ukateketeza Chumba cha Kusomea cha Jagger na sehemu kubwa ya machapisho na filamu za Taaluma za Afrika. Kama jengo la chuo kikuu halikusalimika, chumba cha nyumba ya wageni hakiwezi kuwa hifadhi pekee.

Hifadhi ya mtandaoni hupendekezwa mara nyingi, lakini kasi ya kupakia ihesabiwe kwanza. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 54 za siku moja huhitaji saa 24 kamili, hivyo siku inayofuata hukuta ya jana ingali njiani. Sauti ina nafuu. Kinasa sauti kinachorekodi pembeni ya kamera kwa kilohezi 48, biti 16, njia mbili, hutoa takribani gigabaiti 0.7 kwa saa. Saa 5 ni gigabaiti 3.5, ambazo hupakiwa kwa muda wa saa moja na nusu kwa kasi hiyohiyo. Ishara za mikono hazimo humo, ila maneno yamo yote.

Wingi wa nakala nao huzaa wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki juu ya taarifa zake, na uso wa mtu pamoja na sauti yake humtambulisha hata jina likifichwa. Msailiwa akiomba sehemu ya maelezo yake iondolewe, pengine kwa kuwa alimtaja jirani au mgogoro wa shamba, ombi hilo haliwezi kutekelezwa na mtafiti asiyejua nakala ziko ngapi. Kwa hiyo diski hulindwa kwa nywila, na daftari la karatasi hutunzwa likiwa na safu za tarehe, namba ya kadi, diski zilizopokea nakala, saa ya uhakiki, mahali kila diski ilipo, na saini ya aliyeifuta kadi.