Salio la debiti: je, pesa zimepotea?

Katika vikundi vya akiba na mkopo kambini, ugomvi unaweza kuanzia kwenye neno moja la daftari. Mweka hazina anasoma: «Salio: debiti 19.000 Fc.» Mtu anasikia debiti, anafikiri ni deni, na jioni habari imeshaenea kwamba komite imekula pesa. Pale ambapo watu wametoka vijiji mbalimbali na bado hawajazoeana, maneno hayo yanageuka haraka kuwa ya kabila hili na lile.

Debiti si wizi wala hasara. Ni upande wa kushoto wa hesabu. Upande wa kulia unaitwa krediti. Kwa sanduku la kikundi, pesa zinazoingia zinaandikwa kushoto, zinazotoka zinaandikwa kulia. Tuseme wanachama 20 wametoa kila mtu 2.000 Fc, na faini za wachelewaji ni 2.000: kushoto 42.000. Mama mmoja amekopa 20.000 kwa biashara ya unga, na daftari na kalamu zimegharimu 3.000: kulia 23.000. Kushoto kunazidi kwa 19.000. Hilo ndilo salio la debiti, maana yake pesa hizo zimo sandukuni. Fungueni, mhesabu mbele ya wote.

Zile 20.000 nazo hazikupotea. Kwenye ukurasa wa yule mama zinaandikwa debiti, kwa sababu kikundi kinamdai.

Panapochanganya watu, hata viongozi, ni karatasi ya benki au ya koperative. Wao wanaandika hesabu yao, si yetu. Tukiweka kwao 15.000, kwetu ni debiti, kwao ni krediti, kwani ni deni lao kwetu. Basi karatasi yao ikionyesha salio la debiti, hapo kweli tunadaiwa: pengine gharama za kutunza akaunti zimepita akiba yetu. Inafaa kwenda kuuliza mapema.

La kuangalia zaidi ni sanduku lenye salio la krediti. Hilo haliwezekani, maana hakuna awezaye kutoa sandukuni pesa zisizokuwemo. Lakini msikimbilie kumshtaki mweka hazina. Huenda mchango fulani haukuandikwa, au matumizi yameandikwa mara mbili, au yeye mwenyewe alilipa kwa pesa za mfukoni mwake. Ikiwa ni hivyo, kikundi ndicho chenye deni kwake, nalo liandikwe kwenye ukurasa wa jina lake, upande wa krediti.