Mafuta ya transfoma: Sumu isiyoonekana na sheria zinazoifuata

MWIZI wa mafuta ya transfoma hahitaji zana nyingi. Huja usiku wa manane, hulegeza koki iliyo chini ya tangi, hukinga mtungi, na kabla ya jogoo kuwika huwa amekwisha kwenda zake.

Kunapopambazuka, soko kama la Tulia katika Kaunti ya Kitui hujikuta halina stima. Kinu cha kusaga mahindi kimenyamaza, pampu ya kisima haivuti maji, na fundi wa kuchomelea vyuma ameketi kando ya milango ambayo hajaimaliza. Transfoma iliyopungukiwa na mafuta haiwezi kupoa. Hupata joto kupita kiasi na hatimaye huungua. Katika Kitui na Makueni, ambako vijiji vimetengana, ikiungua moja wakazi wa eneo zima hukaa gizani.

Hiyo ndiyo hasara inayoonekana. Ile isiyoonekana imo ndani ya mtungi.

Kwa miaka mingi imeripotiwa nchini Kenya kwamba sehemu ya mafuta hayo huishia kwenye karai za vibanzi kandokando ya barabara, kwa kuwa huvumilia moto muda mrefu kuliko mafuta ya kupikia. Mengine hununuliwa kama dizeli au kupakwa kwenye vidonda. Hata yakiwa safi, mafuta ya transfoma hutokana na mafuta ghafi na si chakula cha binadamu. Yakiwa na kemikali iitwayo PCB, huwa ni sumu.

PCB ilianza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1929. Wahandisi waliipenda kwa sababu haishiki moto kwa urahisi wala haipitishi umeme, sifa mbili zinazofaa mno ndani ya kasha la chuma lenye nyaya za volti nyingi. Lakini uthabiti huo huo ndio balaa lake. Haiozi udongoni, huganda katika mafuta ya mwili wa samaki, ng'ombe na binadamu, na hupita kwa mtoto kupitia maziwa ya mama. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani.

Atakayedhani kwamba hatari hiyo ni ya vitabuni tu aikumbuke Japani mwaka 1968. Huko, PCB iliyotumika kupasha joto mitambo ya kiwanda cha mafuta ya kula ilivuja na kuingia katika mafuta yenyewe. Familia nyingi za magharibi mwa nchi hiyo ziliyapikia bila kujua. Watu zaidi ya 1,000 waliugua: vipele vikubwa usoni, macho kuvimba, uchovu usiokwisha, na baadhi ya watoto walizaliwa wakiwa na ngozi iliyogeuka rangi. Kisa kama hicho kilitokea tena Taiwan mwaka 1979.

Je, mnunuzi anaweza kuitambua? Hawezi. PCB tupu huzama majini ilhali mafuta ya kawaida ya transfoma huelea, lakini iliyochanganyika kidogo haijulikani kwa rangi wala kwa harufu. Karai la vibanzi nalo haliiui. Moto wa kadiri hiyo huweza hata kuzalisha sumu kali zaidi. Huhitaji tanuri maalumu lenye zaidi ya nyuzijoto 1,100 ili iteketee.

Umri wa transfoma nao si kigezo cha kutegemea. Iliyoundwa bila PCB huweza kuambukizwa karakana inapotumia mashine moja kuchuja mafuta ya transfoma mbalimbali. Kwa hiyo kipimo ndicho mwamuzi. Kiwango kinachotumika kimataifa ni sehemu 50 katika kila milioni. Mafuta yakizidi hapo huhesabiwa kuwa na PCB.

Kiwango hicho kimo katika Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Mkataba huo uliyataka mataifa yajitahidi kuvitambua, kuvibandika alama na kuviondoa vifaa vyenye PCB kufikia mwaka 2025, na taka zake zishughulikiwe kwa njia salama ifikapo 2028. Humu nchini, kanuni za taka zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999 zinamtaka anayesafirisha au kuharibu taka hatari awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA). Mwenye mtungi wa wizi, ni wazi, hana leseni hiyo.

Wengine huuliza kwa nini zisitumike kanuni za Ulaya zijulikanazo kama RoHS, zilizoanza kutekelezwa Julai 2006. Hizo hudhibiti madini ya risasi, zebaki, kadimiamu, aina moja ya kromiamu na baadhi ya kemikali za kuzuia moto katika plastiki. Vitu vinavyopatikana kwenye nyaya, skrubu na makasha ya swichi viwandani. Lakini huishia kwenye vifaa vya volti 1,000 za mkondo geu. Transfoma ya mtaani hupokea volti 11,000 au zaidi, hivyo haimo.

Anayeona transfoma inavuja asiyaguse mafuta hayo wala kuyakinga kwa ndoo ya nyumbani. Watoto na mifugo waondolewe, na Kenya Power iarifiwe. Udongo ulioloa usitupwe mtoni. Mvua ya Novemba ikinyesha Ukambani, kila korongo hukimbilia kwenye bwawa la mchanga ambalo watu huchimba maji ya kunywa.