Mwalimu, muke, nkambo: Mama Katherine Johnson

Mwajua desturi yetu ya matanga. Mutu akikufa, mumoja wa jamaa anasimama na kusoma historia yake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Leo ikaeni kidogo, musikie historia ya mama mumoja mweusi wa Marekani, Katherine Johnson, aliyekufa tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101. Wengi wamemujua kwa sinema ya mwaka 2016 juu ya wanawake weusi waliohesabu njia za roketi. Lakini mbele ya roketi alikuwa mwalimu wa watoto, na mbele ya hapo alikuwa binti ya mukulima.

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1918 katika muji mudogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia. Lile ni jimbo la makaa ya mawe. Jamaa nyingi za kule ziliishi kwa shimo la madini, kama vile sisi tunaishi kwa shaba na kobalti. Baba yake, Joshua Coleman, alisoma mpaka mwaka wa sita tu. Lakini aliweza kutazama muti ungali umesimama na kusema utatoa mbao kiasi gani. Mama yake alikuwa amefundisha masomo. Mutoto naye alihesabu kila kitu: hatua za kwenda kanisani, hata masahani aliyoosha.

Sasa sikia shida. Kule kwao hakukuwa masomo ya sekondari kwa watoto weusi. Baba angaliweza kusema: "Basi, imetosha. Tena huyu ni mwanamuke." Hakusema vile. Alipeleka mama na watoto mpaka Institute, karibu kilometa 200, wasome kule. Yeye mwenyewe alibaki nyuma kwa kazi, juu ya kutafuta franga. Baba musomaji, umepima hesabu ile? Nyumba mbili, sufuria mbili, juu ya masomo! Na kwetu je? Tangu mwaka 2019 masomo ya musingi ya Leta yalitangazwa kuwa bure, lakini sekondari ingali kwa mufuko wa muzazi. Franga ikipunguka, mara nyingi ni binti anatolewa wa kwanza. Unamukuta kwa muto na beseni, anaosha mawe, na kaka yake anapita amevaa bluu na nyeupe. Batoto ni ba tumbo moja, lakini hesabu si moja.

Katherine alimaliza chuo kikuu mwaka 1937, akiwa na miaka 18, kwa hesabu na Kifaransa. Ndiyo, Kifaransa, lugha hii yenye kutusumbua kwa masomo! Mwalimu wake mumoja, Claytor, aliona akili yake, akafungua somo la jiometri kwa ajili yake yeye peke yake. Darasa la mwanafunzi mumoja. Lakini wakati ule nani angemupa mwanamuke mweusi kazi ya utafiti? Basi akaenda kufundisha watoto kule Marion, jimbo la Virginia.

Mwaka 1939 aliolewa na mwalimu mwenzake, James Goble. Alichaguliwa vilevile kuwa mumoja wa weusi watatu wa kwanza kuingia masomo ya juu katika chuo kikuu cha West Virginia, akayaacha juu ya kuanza jamaa. Wengine wanaandika hapa kwa huzuni. Mimi siandiki hivyo. Kwa mimi, miaka ile ya mabinti watatu na ya ubao mweusi haikupotea.

Mwaka 1953 aliingia kazi kule Langley, kwa shirika lililokuja kuwa NASA mwaka 1958. Wanawake weusi wenye kuhesabu walikaa chumba chao mbali na wazungu. Kisha, Desemba 1956, bwana yake akakufa kwa ugonjwa wa kichwani. Wajane wenye kusoma gazeti hili, munaelewa. Kwetu, mbele udongo wa kaburi ukauke, jamaa ya bwana wamekwisha kuja kuhesabu viti na masufuria. Yeye alikuwa na kazi ya mikono yake mwenyewe, akalea mabinti wake watatu. Mwaka 1959 aliolewa tena, na Jim Johnson, aliyekuwa zamani askari.

Mwaka 1962 John Glenn alipokuwa karibu kuruka, mashine mupya ya kuhesabu ilikuwa imekwisha kutoa njia ya roketi. Glenn hakuitumaini mashine peke yake. Akaomba yule mama ahakikishe hesabu. Ilichukua siku moja na nusu. Tarehe 20 Februari Glenn akazunguka dunia mara 3, akarudi muzima.

Mama Katherine aliacha kazi mwaka 1986, kisha miaka 33. Mwaka 2015 Rais Obama alimuvalisha medali. Watu walipomusifu, alisema alifanya tu kazi yake. Miaka 50 aliimba katika kwaya ya kanisa lake, Carver Memorial Presbyterian, kule Newport News, na katika uzee alitembelea masomo kuzungumuza na watoto. Jim alimutangulia mwaka 2019, kisha karibu miaka 60 ya ndoa. Ameacha mabinti 2, wajukuu 6 na vitukuu 11.