Safari ya Bandari Isiyo na Bahari

Bila shaka, mpenzi msomaji, umewahi kuiona picha ile. Aghalabu huwa kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani kwa kinyozi: mashua nyeupe za starehe zimejipanga gatini, nyumba za rangi ya waridi na ya chungwa zimeegemea mlima, na mezani ameketi bibi mwenye miwani ya jua akinywa kahawa katika kikombe kidogo kama kifuniko cha thamosi. Hiyo ni Portofino kule Italia, au pengine Saint-Tropez kule Ufaransa. Vyote viwili vilikuwa vijiji vya wavuvi. Wakwasi walipovipenda, bei ya nyumba ikapanda kuliko mlingoti, na mvuvi akajikuta mgeni kwao.

Mwaka 2023 wakuu wa Portofino walitenga hata sehemu za gatini ambapo mtalii haruhusiwi kusimamasimama akijipiga picha. Faini yake? Hadi yuro 275. Hebu fikiri, faini ya kusimama tu!

Sisi akina yahe tunajua kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Ukishahesabu pasipoti, viza na tikiti ya ndege kwa watu wanne, karo ya shule itakuwa imekwenda na maji. Lakini hamu ya kuona wanakostarehe wenye nazo haina dawa ila kwenda kuona, na watoto wanayo kutuzidi. Kwa hiyo nakushauri uwapeleke. Hamtapanda ndege. Nendeni upande wa Tea Room hapo Nairobi, panda matatu ya kwenda juu, na mtaifikia bandari yetu wenyewe, ile ambayo badala ya bahari ina mlima.

Usikimbilie Nanyuki, hata hivyo. Anzia Murang'a, kwa sababu nitakayoieleza.

Murang'a iko mwendo wa kilomita 80 na ushei kutoka Nairobi. Unaiacha barabara kuu hapo Kenol, unashuka na kupanda vilima vyekundu vyenye migomba na miparachichi, kisha unauona mji umekaa juu ya mgongo wa kilima kama kuku aliyeatamia. Wakoloni waliuita Fort Hall kwa jina la Francis Hall, ofisa wao aliyefia hapo mwaka 1901. Baada ya uhuru jina lake likaondoka, la wenyeji likarudi.

Huu si mji wa anasa, na usidanganywe na mtu. Ni mji wa soko la Mukuyu, wa ndizi na nduma, wa akina mama wanaokuuliza habari za nyumbani kabla hawajakutajia bei. Lakini ingia katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James na Wafiadini Wote. Kanisa hili lilijengwa kama kumbukumbu ya Wakristo Waafrika waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Simama katikati, uangalie kuta. Hapo kuna michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau, msanii aliyezaliwa upande wa Kilimanjaro, akasomea Makerere na baadaye, mwaka 1965, akaanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo Yesu ni Mwafrika, wanafunzi wake ni Waafrika, na mandhari yao ni ya huku huku.

Watu husafiri hadi Roma na Florence kutazama michoro ya ukutani, wakapanga foleni tangu alfajiri. Hapa utaomba ruhusa kwa mlinzi wa kanisa, utoe sadaka yako, na huenda ukawa peke yako na wanao muda wote. Kumbuka tu ni nyumba ya ibada. Jumapili asubuhi nenda kusali, si kutalii.

Ukiwa na siku ya ziada, uliza njia ya Tuthu, juu kabisa karibu na msitu wa Aberdare. Huko ndiko wamisionari wanne wa Consolata, Waitaliano, walikofika kwa chifu Karuri wa Gakure na kusoma misa yao ya kwanza tarehe 29 Juni 1902. Yaani Waitaliano waliijua Murang'a zamani sana, kabla sisi hatujaijua Portofino hata kwa kalenda.

Sasa panda Nyeri. Nitapita haraka hapa, maana Nyeri inastahili makala yake. Kuna hoteli ya Outspan, na ndani ya uwanja wake nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ambamo Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliishi tangu 1938 hadi alipofariki Januari 8, 1941. Kaburi lake liko hapo mjini, na jiweni kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo kila skauti anaijua: nimekwenda nyumbani. Mwanao akiwa skauti, usipomwonyesha hatakusamehe. Karibu naye amelala Jim Corbett, mwindaji wa simba marara wa India, aliyekuwa Treetops usiku ule wa Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alipokuwa mgeni hapo, na babake akafariki kule Uingereza. Habari yenyewe alipewa kesho yake akiwa Sagana Lodge.

Watoto husimuliwa hayo kila mara. Wasiyosimuliwa ni kuwa katika nyumba zile Mwafrika wa wakati huo aliingia kwa mlango wa jikoni. Alipika, akafua, akabeba mizigo, akasimama nyuma ya kiti akiwa na kanzu nyeupe. Kuketi kitini hakuruhusiwa. Mwezi Mei 1954 Treetops ya kwanza iliteketezwa kwa moto na wapiganaji wa Mau Mau, na hii iliyoko ilijengwa baadaye. Waeleze watoto hayo mkiwa hapo hapo. Ndiyo sababu nilitaka waione kwanza michoro ya Murang'a: wakati Njau akimchora Mwafrika ameketi mezani pa Bwana, meza za hoteli za Nyeri na Nanyuki zilikuwa bado za wazungu.

Kabla hujaondoka Nyeri, pita Mathari uone kanisa la kumbukumbu la Waitaliano lililojengwa mwaka 1952. Ndani wamehifadhiwa mamia ya wanajeshi wao waliokufa katika nchi hizi za Afrika Mashariki, pamoja na Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi Machi 1942 akiwa mfungwa wa vita.

Kisha Nanyuki, kiasi cha kilomita 200 kutoka Nairobi. Hapa ndipo bandari yenyewe. Badala ya mashua utaona ndege ndogo zikitua kutoka Wilson, safari isiyofika saa moja, zikishusha watu wenye kofia za majani na mikoba ya ngozi. Badala ya gati utaona maduka ya jibini na kahawa ya kusagwa mbele ya macho yako. Na badala ya bahari, mlima. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi utauona wote, Batian yenye mita 5,199 na vilele wenzake, mweupe kidogo kuliko ulivyokuwa enzi za babu zetu, kwani barafu yake imeyeyuka kwa kiasi kikubwa. Kufikia saa nne mawingu yameshafunga duka.

Mwaka 1959 mwigizaji wa filamu wa Marekani, William Holden, na rafiki zake waliigeuza hoteli iliyokuwapo hapo kuwa Mount Kenya Safari Club, na tangu hapo jina la Nanyuki likajulikana Hollywood. Si mahali pa kulala kwa mshahara wa mwalimu. Lakini kando yake kuna hifadhi na makao ya wanyama yatima ambako familia hulipa kiingilio cha mchana na watoto wakawaona bongo, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini wamebaki wachache mno. Mwaka 2004 walirudishwa 18 kutoka Marekani ili wazaane hapa kwao. Piga simu kwanza uulize bei na saa za kufungua. Usione haya kuuliza. Tajiri huuliza bei mara tatu.

Nasema hivyo kwa sababu haya iliwahi kunigharimu. Katika hoteli moja ya huko, jina nalimeza, nilifika na wanangu wawili kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Askari wa lango alikuwa akifungulia magari bila kuuliza neno. Sisi alitusimamisha. "Mmetumwa na nani?" Nikamwambia tumekuja kunywa chai. Akatutazama kuanzia juu hadi chini, akapiga simu ndani, tukangoja juani kama wauza mboga. Hatimaye tuliingia, tukaagiza birika moja la watu watatu, na bei yake ikalingana na nauli ya kutuleta kutoka Nairobi. Binti yangu alikunywa kidogo kidogo, hataki iishe. Ndipo akaniuliza, "Baba, tukimaliza itabidi tuondoke?" Sikumlaumu yule askari. Yeye mwenyewe, akitoka zamu, harudi nyumba ya kutazama mlima kwa kioo. Hurudi Likii au Majengo kama wenzake wanaotandika vile vitanda.

Tangu siku hiyo nina desturi zangu. Natanguliza simu, navaa koti, na langoni nasema mimi kwanza: "Habari ya kazi? Tumekuja kwa chai." Sisubiri kuulizwa.

Mambo mawili mengine usiyakose. La kwanza ni bango la Ikweta, ambapo vijana humwaga maji kwenye chombo chenye tundu na kukuonyesha yakizunguka kulia upande huu, kushoto upande ule. Wape chochote, maana mchezo ni mzuri. Ila mkishasonga mbali, mweleze mwanao wa sekondari kuwa nguvu ya Coriolis inayozungusha tufani baharini ni ndogo mno kwa bakuli la maji. Anayeamua mzunguko ni mkono wa anayemwaga.

La pili ni hadithi. Wakati wa vita vya pili vya dunia palikuwa hapa Nanyuki na kambi ya wafungwa Waitaliano, namba 354. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa amekulia Trieste, mji wa bandari hasa. Asubuhi moja mawingu yakafunguka, akauona mlima kupitia seng'enge. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakiwa na vifaa walivyojitengenezea kwa siri na picha ya mlima waliyoipata kwenye lebo ya kopo la nyama. Barsotti aliugua njiani. Wengine wawili walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, kisha, amini usiamini, wakarudi wenyewe kambini kufungwa tena. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha adhabu, wakatumikia 7, kwa kuwa mkuu wa kambi aliwavulia kofia.

Mtu wa bandari aliyefungwa alihatarisha maisha yake kwa mandhari ambayo mwuza chai wa kituo cha matatu huiona kila alfajiri akichochea jiko.

Mkirudi, msilale garini mkapitiliza Sagana. Serikali imekuwa na mabwawa ya samaki hapo tangu ukoloni, na kando ya barabara utapata samaki aliyekaangwa akakauka vizuri, na ugali. Mara ya mwisho tulikaa kwenye benchi la mbao, mikono ina mafuta hadi viwikoni, malori ya mchele wa Mwea yakitupita. Binti yangu, ambaye hajasahau lile lango, alimuuliza mwenye kibanda, "Mama, hapa tunaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi?"

Mama yule aligeuza samaki kwenye karai, akacheka. "Mpaka samaki waishe, mwanangu. Na leo nimeleta wengi."