Kuchagua Vifaa vya Kuaminika kwa Safari za Ziwani na Porini

Tarehe 20 Januari 1867 msafara wa Dakta David Livingstone ulikuwa katika misitu ya nchi ambayo leo ni Zambia. Siku hiyo wapagazi wawili walitoroka na mizigo yao. Ndani ya mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa, na dawa zote za msafara, pamoja na kwinini, zilikuwa katika sanduku hilo moja. Tangu hapo Livingstone alikabiliana na homa pasipo dawa. Alipofika Ujiji mwezi wa Machi 1869 alikuwa hoi kwa ugonjwa, amebebwa machelani. Huko nako akakuta kwamba sehemu kubwa ya vitu alivyopelekewa imekwisha kuibwa, na dawa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo.

Kisa hiki chafaa kusomwa na wanafunzi wa Kasingirima na sehemu nyingine za Kigoma-Ujiji si kama historia peke yake, bali pia kama somo la sayansi. Sanduku lile halikuwa bovu, wala dawa zile hazikuwa hafifu. Upungufu ulikuwa katika mpango: kitu ambacho uhai wa watu ulikitegemea kilikuwa kimoja tu, mahali pamoja tu.

Basi kifaa cha kuaminika ni kipi? Wengi hujibu kwa kutaja bei yake, au jina la kiwanda kilichokitengeneza. Jibu la sayansi ni jingine. Kifaa cha kuaminika ni kile ambacho mtumiaji anaijua kazi yake, anaujua udhaifu wake, na amekwisha kukijaribu katika hali inayofanana na ile atakayokutana nayo. Kwa hiyo kila kifaa hakina budi kuulizwa maswali matatu. Kwanza, kazi yake ni nini hasa? Pili, kinaweza kushindwa kwa njia zipi? Tatu, kikishindwa, ni kitu gani kitashika nafasi yake?

Tuseme wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Kasingirima, pamoja na mwalimu wao, wanakusudia kufanya safari ya siku tatu ya kuchunguza mimea na miamba. Watapanda boti Kibirizi, wafuate mwambao kuelekea kaskazini, kisha wapande kwa miguu vilima vinavyoliangalia ziwa. Tuvichunguze vifaa vyao kimoja baada ya kingine.

Jaketi la kuokolea

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Hakuna ziwa lenye kina kirefu zaidi duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Msafiri anayeingia katika boti bila jaketi la kuokolea ameyaacha maisha yake mikononi mwa hali ya hewa.

Kazi ya jaketi ni kuongeza kani ya kuelea. Kwa kanuni ya Archimedes, kila lita ya maji inayosukumwa kando na kitu kilichozama humpa mtu msaada unaolingana na uzito wa kilo moja. Mwili wa binadamu wenyewe karibu uelee. Tatizo ni kukiweka kichwa juu ya maji muda wote. Kwa mtu mzima, msaada wa ziada wa kilo 7 hivi hutosha kwa kazi hiyo. Je, jaketi lililoning'inizwa ukutani bado lina nguvu hiyo? Kwa kulitazama tu hatuwezi kujua. Majaketi ya zamani yalijazwa sufi, na sufi ikikandamizwa au ikilowa hupoteza uwezo wake. Hata yale ya sponji ngumu ya kisasa hudhoofika kwa jua na kwa kukaliwa kama mto.

Jaribio lake ni rahisi. Jiwe la kawaida ni zito kuliko maji ya ujazo ule ule kwa mara 2.6 hivi, na kwa hiyo likiwa majini hupunguza uzito wake kwa zaidi ya theluthi moja. Mawe ya kilo 11 na nusu, yakizamishwa, huvuta chini kwa nguvu ya kilo 7 tu. Yafungeni mawe hayo katika wavu, myaning'inize chini ya jaketi ndani ya pipa kubwa au tangi la shule, kisha mliache humo tangu asubuhi hadi jioni. Jaketi zima litaendelea kuelea; jaketi lililochoka litaanza kuzama. Baada ya hapo kila mwanafunzi alivae lake na kulifunga mikanda, na mwenzake alivute juu kwa mabega. Likimtoka kichwani nchi kavu, majini litamtoka upesi zaidi.

Nguo na joto la mwili

Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya mwambao hupita meta 1,500. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Hivyo aliyeacha joto la nyuzi 27 ufukoni atakuta takriban nyuzi 22 kileleni, na usiku pungufu zaidi. Baridi hiyo si kali. Hatari huingia nguo zinapolowa na upepo unapovuma.

Ili gramu moja ya maji igeuke mvuke, huhitaji kiasi cha jouli 2,400 za joto. Pimeni shati la pamba katika mizani ya maabara likiwa kavu, kisha lilowesheni, mlikamue na kulipima tena. Tuseme limeongezeka gramu 200. Maji hayo yakikauka mgongoni mwa mvaaji yatachukua kilojouli 480. Mwili wa kilo 50 hushuka joto kwa nyuzi moja unapopoteza kilojouli 175 hivi. Kwa hesabu hiyo, kama joto lote lingetoka mwilini, na mwili usingezalisha jingine, joto lake lingeshuka kwa nyuzi karibu 3. Kwa kweli mwili huendelea kuzalisha joto, na sehemu ya joto la kukaushia shati hutoka hewani. Hata hivyo hesabu hii yatuonyesha kwa nini mtu aliyechoka na kulowa hutetemeka hata katika nchi ya joto.

Fundisho lake ni kwamba nguo moja kavu ya kubadilisha, iliyofungwa barabara ndani ya mfuko wa plastiki, ina thamani kuliko koti zito lililolowa. Sweta la nyuzi za kiwandani hushika maji kidogo kuliko la pamba, na kwa hiyo lafaa zaidi kwa usiku.

Viatu navyo vina kanuni yao: visiwe vipya. Kiatu kipya huchubua kisigino, na lengelenge dogo laweza kumzuia mtu kutembea siku ya pili. Vivaliwe kwenda shuleni kwa majuma mawili kabla ya safari, na siku moja vivaliwe pamoja na mzigo kamili. Mzigo wenyewe usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Yaani mwanafunzi wa kilo 50 asibebe zaidi ya kilo 10.

Malazi

Mwezi wa Machi 1858 John Hanning Speke, akiwa safarini ziwani kutoka Ujiji, alilala katika hema kwenye kisiwa kimoja. Usiku dhoruba ililitikisa hema lile. Alipowasha mshumaa ili avipange vitu vyake, mbawakawa wadogo weusi walikuwa wamekwisha kulijaza. Mmoja wao aliingia sikioni mwake. Speke alijaribu kumtoa kwa kisu, akajijeruhi, na sikio hilo likamwuguza kwa miezi kadhaa.

Hema la Speke lilikuwa limetengenezwa kuzuia mvua, lakini wadudu liliwaacha waingie. Ndiyo maana tunauliza kazi ya kifaa *hasa* ni nini. Katika mkoa wenye malaria, kazi ya kwanza ya malazi ni kuzuia mbu. Mvua ni ya pili. Turubai jepesi pamoja na chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka, ni bora kuliko hema la fahari lenye zipu iliyoharibika. Jaribuni chandarua kwa kukitundika mbele ya dirisha mchana: kila tundu litaonekana, na lishonwe papo hapo. Jaribuni turubai kwa kulifunga uwanjani na kulimwagia ndoo kadhaa za maji kwa robo saa, huku karatasi kavu zikiwa zimetandazwa chini yake. Karatasi zitaonyesha mahali panapovuja.

Maji ya kunywa

Maji ya ziwa ni maangavu, lakini uangavu si usafi. Mwezi wa Mei 2015, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika katika kijiji cha mwambao cha Kagunga, kaskazini mwa Gombe, kipindupindu kilizuka na maelfu ya watu wakaugua. Vimelea vyake havionekani kwa macho.

Kifaa cha kuaminika kuliko vyote hapa ni sufuria na moto. Kwa sababu ya mwinuko, maji ya Kigoma huchemka katika nyuzi 97 hivi, na juu ya vilima katika nyuzi 95. Joto hilo latosha kabisa kuua vimelea, mradi maji yatokote kwa dakika moja nzima. Moto waweza kukosekana wakati wa mvua, kwa hiyo vidonge vya klorini vichukuliwe kama akiba. Vina udhaifu wao: hupungukiwa na nguvu katika maji yenye tope, na huhitaji nusu saa kufanya kazi. Basi maji yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na saa itazamwe. Tena chukueni chumvi na sukari: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya usawa, katika lita moja ya maji safi, humsaidia mtu anayeharisha mpaka afikishwe kwenye zahanati.

Mwanga na mawasiliano

Tochi hupimwa kwa saa, si kwa ukali wa mwanga wake dukani. Iwasheni jioni nyumbani kwa betri mpya, na mwandike saa ambayo mwanga wake hautoshi tena kusoma gazeti. Hapo mtajua betri ngapi zahitajiwa kwa usiku tatu. Simu ya mkononi nayo ni chombo kizuri, lakini haifai kuwa tochi, dira na mjumbe kwa wakati mmoja. Betri yake ikiisha, vyote vitatu vimekwisha pamoja. Tena mabonde yenye kuta ndefu huzuia mawimbi ya redio. Kwa hiyo karatasi yenye majina ya wasafiri, njia watakayopita na saa ya kurudi iachwe kwa mkuu wa shule. Karatasi hiyo haihitaji betri, na ndiyo itakayowatuma watu kuwatafuta waliochelewa.

Utunzaji

Kifaa kilichojaribiwa vema chaweza kuharibika kabatini. Mfano bora uko Kigoma kwenyewe. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Kutu huhitaji maji na oksijeni vikigusana na chuma. Grisi ilivizuia visiguse. Waingereza walipoiinua meli hiyo mwaka 1924, mitambo ilikutwa ingali yafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Kama grisi iliweza kuyalinda mashine chini ya ziwa, tone la mafuta laweza kukilinda kisu na kifungo cha mkoba. Kamba ya katani ikaushwe kabla ya kufungashwa, maana huoza kwa unyevu. Ya nailoni ifichwe jua. Betri zitolewe katika tochi baada ya kila safari.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu aligawe darasa katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kiandike orodha ya vifaa vyake vyote, na mbele ya kila kimoja kijibu yale maswali matatu: kazi, udhaifu, na mbadala. Kisha tarehe ya jaribio na matokeo yake viandikwe, pamoja na jina la aliyejaribu. Kifaa kisicho na tarehe ya jaribio kisipande boti. Wahenga walisema akiba haiozi: dawa, vidonge vya maji na viberiti vigawanywe katika mikoba miwili tofauti, ili mkoba mmoja ukipotea safari isipotee nao. Na katika muda wote wa kukaa ndani ya boti, jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa mikanda, hata ziwa likiwa shwari, kwa kuwa halivaliki kwa urahisi katikati ya mawimbi.